Kisima cha Mikidadi na Nywele za Mwali

Ukishuka stesheni ya Morogoro miaka ile ya Mdachi, kabla hujaishika njia ya bomani, ilikubidi upite mbele ya Stambuli muuza kahawa. Pale palikuwa na benchi la mbao zilizosalia kwenye ujenzi wa stesheni, na juu yake waliketi wanaume ambao, tangu gari la moshi lifike mwaka juzi, hawakuwahi kukosa jawabu la jambo lolote. Waulize Kaisari anakula nini asubuhi, watakwambia. Waulize milima ya Uluguru ina uzito gani, watabishana mpaka adhuhuri, na uzito watautaja. Lakini asubuhi moja Mikidadi, mshona kanzu, alikuja na jambo lake, akaketi nalo mpaka kahawa ikampoa mkononi.

Binti yake Hidaya alikuwa mwali, mwezi wa nane huo yuko ndani, na siku ya kumtoa ilikuwa imebaki wiki moja. Kwao walisadiki kwamba nywele za mwali ndizo shahidi wake. Hazinyolewi wala hazikatwi, na siku ya kutoka hupakwa mafuta ya mbarika zikang'aa, kila mtu aone mtoto alitulia ndani. Sasa Bi Pili, dada yake Mikidadi aliyekuwa akimlea mwali, alikuwa amemletea habari mbaya. Nywele za Hidaya zinakatika. Kichwa kinamwasha usiku na mchana, kimejaa mba kama unga, na chanuo kila likipita linaondoka na fungu. Wakwe wakiona hivyo watasema mtoto alikuwa akitoka kwa siri, na posa itarudishwa. Mikidadi mwenyewe, aibu iliyoje, alishaanza kusadiki. Kila asubuhi alikuwa akimsalimia mwanawe kupitia ukutani, na sasa ilikuwa siku ya tatu hajamsalimia.

Basi akalitoa jambo kwa kujificha, akasema ni la mtu mmoja wa Mlali, ambaye wala yeye hamjui sana. Wenzake wakamtazama, wakatazamana, wakakubali kwamba ni mtu wa Mlali.

Abasi, aliyebeba reli tangu Dar es Salaam akabaki na jina la Gari-Moshi, alisema huo ni moshi wa injini tu. Pale Mikese aliona kwa macho yake kikosi kizima kimeamka vipara, nyapara naye yumo. Kasiani, aliyesoma misheni mwaka mmoja na nusu, akaona moshi ni jambo dogo. Tatizo ni waya wa simu. Humo yanapita maneno mazito ya serikali kutoka pwani, na yakipita juu ya paa lenye mwali, nywele husimama kuyasikiliza mpaka zinachoka.

— Waya hauna mdomo, Abasi alisema.

— Na reli haina miguu, mbona imefika?

Hapo wote wakatafakari. Stambuli naye, mdila wake wa kahawa mkononi, akasema yeye anaogopa kubwa zaidi. Milima imechokozwa kwa baruti, sasa inavuta vilivyo vyake: itaanza na nywele, ije kwenye kucha, halafu watu wazima na viatu vyao. Wakaigeukia Uluguru iliyojifunika ukungu mpaka kiunoni, wakainamisha vichwa kana kwamba wameitwa majina.

Mikidadi akafungua kibuyu chake cha maji, akanywa funda, akawapitishia kama kawaida yake. Hayo yalikuwa maji ya kisima chake. Alikichimbisha uani mwezi uleule Hidaya alipoingia ndani, watu watatu wakipasua mwamba siku kumi na moja, ili maji ya kumwoshea mwali yasipite njiani mbele ya macho ya watu. Hapakuwa na baba mwingine mjini aliyemfanyia mwanawe hivyo, na alilijua hilo. Wenzake waliyasifu maji hayo kila siku, kisha wakayatema nyuma ya benchi.

Ndipo akafika mama mmoja wa milimani, kikapu cha kabeji zilizobaki kichwani, akitoka kuuza mboga kwa Wazungu. Jina lake Veronika.

— Shikamooni, wazee. Naomba maji.

Wakaitikia marahaba. Stambuli akamchotea maji ya mtungi wake, aliyoyateka mtoni kabla ya kucha kwa sababu kahawa yake haikutaka maji mengine. Mama yule akanywa, na huku akisikiliza habari za waya na milima yenye hasira. Kisha akauliza huyo mwali wa Mlali anaogeshwa maji ya wapi.

Hakuna mwanamume pale aliyewahi kujua maji ya nyumbani kwake yanatoka wapi, ila mmoja.

— Ya kisima, Mikidadi alisema. Kisima kipya. Haya hapa.

Veronika akaomba vikombe viwili. Kimoja akakitia maji ya mto, kingine maji ya kibuyu. Akatoa mche wa sabuni aliokuwa akiupeleka nyumbani, akakwangua kidogo katika kila kikombe, akakoroga kwa kijiti. Katika maji ya mto povu lilipanda jeupe mpaka ukingoni. Katika maji ya kisima sabuni ilikatika kama maziwa yaliyoharibika, ukaelea utando wa kijivu unaonata.

— Haya yana chumvi ya mawe, alisema. Na uchafu huu ndio unaobaki kichwani kila anapooshwa.

Abasi akaomba arudie. Akarudia. Kasiani akaomba akoroge mwenyewe, na ikawa vilevile. Maji mawili, macho hayakuona tofauti, ndimi zilinyamaza kwa adabu, sabuni ndiyo iliyosema. Kasiani akapiga ishara ya msalaba. Stambuli aliyatazama mawingu ya Uluguru kule maji yake yalikotoka, kahawa ikamwagika, asijue.

Veronika akajitwika kikapu. Kabla hajaondoka akauliza tena, bila ubaya wowote:

— Na mwali mwenyewe anasemaje?

Wanaume waliojua chakula cha Kaisari hawakujua.

Mikidadi akaenda nyumbani, akasimama nje ya ukuta wa chumba cha mwali.

— Hidaya, mwanangu.

— Labeka, baba, sauti ilijibu upesi, ya mtu aliyengoja siku tatu.

— Kichwa kilianza kukuwasha lini?

— Tangu kisima kitoe maji. Nilimwambia shangazi. Akasema nisikitukane kisima cha baba, umekichimba kwa ajili yangu.

Mikidadi akaweka paji la uso ukutani, akalia. Alipomaliza akamwita Bi Pili, akamwagiza siku ya kumtoa mwali aweke vikombe viwili na sabuni mbele ya wanawake wa wakwe, kabla hawajamvua mtoto kilemba. Kisha akauchukua mtungi, yeye mwenyewe, akashuka mtoni.

Pale benchini kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Wakamwona anapita mchana kweupe, mshona kanzu mwenye mvi, mtungi kichwani kama wanawake, maji yakimchuruzika shingoni. Wakasimama wote.

— Mtu wa Mlali huyo, Kasiani alisema polepole, na hakuna aliyecheka.