Jiwe la Mzee Heo

GYU-TAE: Haloo? Nani mwenzangu? Niko kwenye treni, mtandao unakwaruza—

GEUM-JU: Dada yako. Au na mimi umenifuta?

GYU-TAE: Ah, dada! Shikamoo.

GEUM-JU: Kaa nayo. Umeifanya nini laptop ya Baba?

GYU-TAE: Nimeirudishia mfumo wake wa kiwandani. Si tovuti ya benki ilikuwa inamkatalia kwa ule wa zamani?

GEUM-JU: Wa zamani ulimwekea wewe!

GYU-TAE: Ili ile programu yake ya baduk ikubali, atumiane mawe ya mchezo na rafiki yake. Sasa Mzee Heo ndiyo keshatutoka, nikaona atacheza na nani—

GEUM-JU: Ukaona! Nani alikutuma uone?

GYU-TAE: Picha nimezihifadhi zote, dada. Za harusi yako, za Mama, mpaka za mbwa—

GEUM-JU: Na baduk?



GYU-TAE: Ile... ilifutika na mfumo. Na wenye programu walishafunga huduma. Lakini Baba mchezo wote anao kichwani, si unamjua?

GEUM-JU: Anao. Kaketi sakafuni na ubao, anapanga mawe. Jeusi, jeupe, jeusi, jeupe. Supu imepoa pale.

GYU-TAE: Sasa si unaona! Hakuna kilichopote—

GEUM-JU: Nyamaza, bwege wewe! Limebaki jiwe moja asilolijua.

GYU-TAE: Lipi?

GEUM-JU: La mwisho la Mzee Heo. Alilituma akiwa hospitali, usiku ule ule aliofariki. Baba hakulifungua.

GYU-TAE: Muda wote huu? Kwa nini asi—

GEUM-JU: Alisema mpaka ibada ya marehemu ya siku ya arobaini na tisa ipite. Ni leo, Gyu-tae. Ametoka hekaluni, kavua viatu, kaenda moja kwa moja kuwasha laptop.

[Simu inakwaruza.]

GYU-TAE: Mungu wangu. Dada, izime! Usiiguse, nije niichimbue diski, huenda—

GEUM-JU: Huenda nini? Jana ulijisifu mbele ya wageni, "nimeisafisha mpaka ndani"!

GYU-TAE: Sikujua! Angeniambia—

GEUM-JU: Ungemuuliza!

GYU-TAE: ...Anasemaje?

GEUM-JU: Hagombi. Anauliza kitu kimoja tu. Kabla hujafuta, uliliona? Heo aliliweka wapi?

GYU-TAE: Dada, tunaingia kwenye handaki, simu ita—

GEUM-JU: Uliliona au hukuliona?



GYU-TAE: Sikuangalia. Nilibonyeza tu. Dada, tafadhali, usimwambie hivyo. Mwambie... mwambie sikumbuki.

GEUM-JU: Simu iko kwenye spika.

GYU-TAE: Baba? Baba, mi—

[Simu inakatika.]