Konokono Mwenye Nukta Nyekundu

KINYOZI: Haloo? Haloo, ni nani?

MZEE REDIO: Nani tena kama si mimi? Naapa kwa macho yangu haya mawili, leo nakuambia kweli tupu—

KINYOZI: Aa, Mzee Redio. Shikamoo. Hata hujaulizwa, ushaapa.

MZEE REDIO: Marahaba. Chungulia ile chupa ya rafuni, chini ya kioo. Si nilikuambia konokono anaweza kulala hata miaka mitatu? Ukanicheka mbele ya wateja, eti nimekuletea maiti. Miezi mitano leo. Ameamka!

KINYOZI: Umejuaje? Uko wapi?

MZEE REDIO: Niko... nyumbani. Nimehisi tu. Miaka thelathini na mmoja nimepanga barua posta, nina hisia mimi. Yuko macho, hayuko?

KINYOZI: Yuko macho. Anatafuna hata karatasi.

MZEE REDIO: Ahaa! Bandika tangazo la dau letu basi: "Mzee Redio hasemi uongo." Herufi kubwa! Ungesoma kidogo usingeaibika, lakini wewe vichwa unavijua kwa nje tu.

KINYOZI: Na asipoamka mpaka leo saa sita mchana, nanyoa masharubu yako. Unakumbuka?

MZEE REDIO: Masharubu haya marehemu mke wangu alikuwa akiyachana kwa mkono wake. Ningeyachezea kwa uongo?

KINYOZI: Mzee, siku ile ulipomwacha hapa, mke wangu alimtia yule konokono nukta ya rangi ya kucha. Nyekundu. Kwenye gamba, kwa chini.

MZEE REDIO: Rangi ya... ya nini?

KINYOZI: Huyu wa leo hana nukta.

MZEE REDIO: Imefutika! Konokono akiamka hu— hujisugua—

KINYOZI: Asubuhi nimekwenda kuchota maji, narudi nakuta nyayo za tope mpaka rafuni. Kisigino kimoja kimelika upande. Nani mwingine mtaani anakanyaga hivyo?

MZEE REDIO: Haloo? Mtandao— krrr— husikiki— krrr—

KINYOZI: Acha kufikicha huo mfuko wa karatasi. Nakuona hapo nje dirishani. Mzee mzima unajifanya mnara wa simu!

MZEE REDIO: Mbuni wewe! Jicho kubwa kuliko ubongo! Na hata hilo la mbuni nilikufundisha mi— Lo.

KINYOZI: Nini?

MZEE REDIO: Mfuko wa shati. Kuna kitu kinatambaa.

KINYOZI: Kumbe humo ndimo ulimomtia "maiti" wako?

MZEE REDIO: Nilidhani kafa, bwana... Jasho limemlowesha. Ngoja nimgeuze. Ana nukta! Nyekundu! Ameamka kweli! Saa ngapi?

KINYOZI: Sita kasoro dakika nne.

MZEE REDIO: Nimeshinda!

KINYOZI: Umeshinda nini? Tangu nikufahamu umesema kweli moja, na hiyo moja mwenyewe hukuiamini. Ukaja kumwiba shahidi wako. Ingia ndani.

MZEE REDIO: Tuzungumze kiume—

KINYOZI: Kiti kitupu. Wateja watatu wanakutazama. Keti.

MZEE REDIO: (Anaketi.) Chana kwanza. Marehemu alikuwa akiyachana kwanza.

KINYOZI: ...Nimechana. Kata simu sasa, mdomo usitikisike.

MZEE REDIO: Na lile tangazo?

KINYOZI: Nitalibandika. "Mzee Redio alisema kweli, kwa bahati mbaya."

MZEE REDIO: Herufi kub—

(Mlio wa mashine ya kunyolea.)