Mwalimu Pandu na Kigingi cha Kwanza

Tarehe thelathini Juni Mwalimu Pandu anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha historia ya miji katika chuo chetu cha ujenzi hapa Glenwood. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike mazuri yake tu. Nitajaribu, ingawa mtu huyu alinitia wasiwasi mpaka mwezi wa mwisho.

Somo lake kuu ni miji mipya ya Ulaya ya Zama za Kati: mitaa iliyonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi uani na vigingi na kamba wakapime mji mzima juani, na kila mara huwauliza unyoofu huo unamfaa nani. Hata viti vilivyopangwa mstari mkutanoni alivishuku.

Ndiyo maana mwaka huu alitushangaza. Bwana Hardy, msimamizi wa majengo, alitaka ua wetu uwekwe matofali, njia zinyooke, magari yapate nafasi. Meza ya Lyse, mama wa Kikongo anayetuuzia chai na maandazi, ingeondolewa, na meza hiyo ndiyo inayosomesha watoto wake. Tulimtegemea Pandu apinge. Akaunga mkono! Aliomba tu mpango ufuate kanuni za miji yake ya kale, na apime yeye mwenyewe. Bwana Hardy akakubali haraka huku akitabasamu. Nilisema waziwazi kwamba mzee ameahidiwa kitu, na hakuna aliyenibishia.

Siku ya kupima, Lyse alikuwa ameshafungasha masufuria yake. Pandu akaja na nyundo, akapigilia kigingi cha kwanza mbele ya meza ya Lyse na kukifunga kamba.

"Eish, mwalimu, kamba iko inapita kwangu. Nitoke?"

Pandu akamwambia abaki. Akatueleza kwamba katika mingi ya miji ile soko lilipimwa kwanza, mitaa ikafuata. Kamba ikavutwa kutoka mezani, ikanyooka kabisa, ikakata katikati ya kibanda cha gari la Bwana Hardy. Mpango alikuwa ameshaukubali, basi kilibomolewa wiki iliyopita.

Sasa Bwana Hardy anapendekeza nafasi ya Pandu apewe mtu asiyejua historia. Safari hii tumemshuku yeye, tumekataa.

Mwalimu Pandu, tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya, wajukuu watulivu na usingizi mzuri wa mchana. Ukipita chuoni usiondoke bila chai: Lyse yupo palepale.