Sahani ya Maharage ya Gwakisa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioko mbele, na ninyi wa kule mlangoni mnaosubiri mvua ikatike muondoke. Msiondoke kwanza. Mchungaji ameniambia niwe mfupi, maana ananijua. Nitajitahidi.

Kwa wageni, mimi naitwa Ambakisye, mkulima wa hapa hapa Kinyala. Nina migomba, chai kidogo na maparachichi. Ila wengi hapa hamnijui kwa migomba, mnanijua kwa kisu. Tangu baba yetu alipozeeka, mimi ndiye ninayeitwa msibani ng'ombe akishaangushwa. Nasimama nagawa nyama. Naita jina, mtu anakuja na jani lake la mgomba, namwekea fungu lake. Najua mzee yupi asipopewa ini atanuna mpaka arobaini. Kazi hiyo niliipenda kuliko shamba, na nilijiona mtu mkubwa nikiwa nimeishika.

Sasa, mwenye kisu halali njaa. Nilikula msibani, nikala harusini, na siku isiyo na msiba wala harusi nilishuka Tukuyu kutafuta nyama choma. Nyumbani mama Lugano, mke wangu, alikuwa akipika kama mlivyofundishwa na mama zenu: ndizi na maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, magimbi. Nilikuwa naisukuma ile sahani mbele ya wajukuu. Nilimwambia, "Mama Lugano, mimi si mbuzi." Mbele ya wajukuu, ndugu zangu! Naye anainama anatoa vyombo. Na ajabu ni kwamba maharage yale niliyalima mwenyewe, na maparachichi pia. Gari lilikuja likapakia, likapeleka kwa watu wa mjini wakala wakanenepa kwa afya, na mimi niliyelima nikabaki nanyonya mifupa.

Nilikuwa na mwili mzito na pumzi fupi. Kutoka kwangu hadi hapa kanisani nilisimama mara tatu njiani. Nikikutana na mtu nasingizia naangalia mashamba. Usiku sikulala vizuri, na mchana nilikuwa mkali kama pilipili. Wajukuu wakisikia mlango wanahamia jikoni.

Hayo ni yangu. Nayasema ili mjue nilikuwa mtu gani siku mdogo wangu alipokuja.

Gwakisa ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nyumba yake na yangu zimetengwa na migomba tu. Ni mtu mpole. Mama alimpa jina hilo kwa sababu ni la huruma, na kweli lilimkaa. Siku hiyo alitoka hospitali mjini. Hakupitia kwake, alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kigoda jikoni na kofia mkononi. Akasema presha yake ilikuwa imepanda sana. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze nyama, mafuta na chumvi, sehemu kubwa ya sahani yake iwe mboga, maharage na matunda.

Kisha akaniambia maneno ambayo hayanitoki. "Kaka, peke yangu sitaweza. Wewe ukianza, na mimi nitaweza. Tuanze wote."

Ndugu zangu, mtu mzima mwenye wajukuu alikuja kuniomba nimshike mkono. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikajifuta machozi. Nikamwambia akale majani na sungura, mimi nina meno. Mama Lugano alinitazama, akamwekea Gwakisa sahani ya maharage na ndizi, naye Gwakisa akala pale pale jikoni. Aliposhukuru alimshukuru mke wangu, "Ndaga, mke wa kaka." Mimi hakunitazama.

Akaanza peke yake. Na alianza vizuri. Kwa wiki kadhaa nilimwona anapita na kikapu cha majani ya maboga, anatembea upesi. Badala ya kufurahi nilikereka. Sijui ni kwa nini mtu hukereka mwenzake akifanya jambo jema aliloalikwa kulifanya naye. Ni kiburi, hakuna jina lingine.

Ndipo shangazi yetu akafariki. Watu walikuja wengi kutoka Msasani ya hapa Tukuyu, kutoka Makandana, na majirani wote. Ng'ombe wawili walianguka. Nikasimama na kisu changu, nikaita majina. Nikaita, "Gwakisa!" Akaja na jani lake. Lakini kwenye jani lile tayari palikuwa na maharage na ndizi alizopakuliwa na wanawake. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, fungu langu mpe mwingine. Mimi hii yanitosha."

Ninyi ni wenyeji, mnajua maana yake. Nyama ya msiba haikataliwi hivi hivi. Anayekataa wazee wanamtazama mara mbili, kama mtu mwenye mkono katika kifo kile. Mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote pale, na nilijua pia kwamba Gwakisa ni mgonjwa. Nilikuwa naweza kusema, "Daktari amemkataza." Maneno mawili tu! Badala yake nikanyanyua sauti, nikataka watu wacheke. Nikasema, "We nkamu, ndugu yangu, mbona unaogopa nyama ya shangazi, kuna kitu unakijua kuhusu kifo chake?"

Wachache walicheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Mzee mmoja aliacha kutafuna. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu, na wangu ulikuwa umekwisha kutoka nje.

Gwakisa alisimama pale na jani lake. Kisha akalisogeza mbele yangu. Nikamwekea nyama juu ya maharage yake, fungu nono, lenye mafuta, maana niliona nimeshinda. Akala yote, amesimama, mahali ambapo kila mtu angemwona.

Na hakuishia hapo. Maneno ya msibani yana miguu. Wiki ile ile mke wake alirudi kutoka kisimani akilia. Wanawake wawili walikuwa wamenyamaza alipofika. Tangu hapo kila msiba Gwakisa alikuwa wa kwanza kuja na jani. Alikula nyama ili asafishe jina lake. Nilimwona, nikajua kwa nini anakula, nikaendelea kumgawia. Niliita jina lake kwa sauti, naye akaja. Misiba mitatu. Mungu anisamehe, nilihesabu baadaye, nilipokuwa nimekaa hospitali kwenye benchi.

Alianguka shambani kwenye chai, asubuhi, mkono ukiwa umejaa majani mabichi. Kiharusi. Tulimbeba mpaka barabarani, gari likatupeleka hospitali. Upande wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda kando. Akawa ananitazama mimi tu. Anataka kusema, inatoka sauti isiyo neno.

Nesi aliniona nimeegemea ukuta natweta, akanikalisha, akanifunga kile kitambaa cha kupimia presha. Akapima, akapima tena. Akaniuliza, "Baba, wewe umekuja kwa matibabu au umemleta mgonjwa?" Nikasema nimemleta mgonjwa. Akasema, "Basi mko wawili." Na sukari nayo ilikuwa juu. Daktari aliponiita alinipa maneno yale yale aliyopewa Gwakisa. Punguza nyama, punguza mafuta na chumvi, jaza sahani mboga na maharage, meza dawa, tembea. Yale yale! Niliyacheka yakiwa kinywani mwa ndugu yangu, nikayapokea kwa mikono miwili yalipokuwa yangu.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda alichokalia yeye. Nikamwambia mama Lugano, "Nipikie kama ulivyompikia Gwakisa." Hakunicheka. Angekuwa na haki, lakini hakunicheka. Aligeukia moto, akabandika sufuria ya maharage. Hapo ndipo Bwana alinishika, ndugu zangu. Nililia jikoni kama mtoto. Nikaomba rehema kwa sauti, sufuria ikichemka pembeni.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza maharage yalinijaza tumbo gesi mpaka wajukuu wakahama chumba. Nilikuwa na hasira na njaa isiyoeleweka, nimeshiba lakini nataka kutafuna. Siku moja nilishuka mjini kununua mbolea, harufu ya nyama choma ikanivuta kwa pua. Nilikula vipande vinne nimejificha nyuma ya banda, mzee mzima wa kanisa! Nilipofika nyumbani mama Lugano alininusa tu, akasema, "Baba Lugano, mbolea ya siku hizi inanukia vizuri." Niliona haya. Kesho yake nikaanza upya.

Polepole mwili ukaitikia. Miguu iliyokuwa ikivimba ikaacha viatu viingie. Usingizi ukarudi. Nikapanda kilima cha kanisa nikisimama mara moja, kisha siku moja nikajikuta niko mlangoni na sijasimama kabisa. Nyama sijaapa kuiacha kabisa, hula kipande mara chache sana, kwenye sikukuu. Dawa namaliza kama nilivyoagizwa, na vipimo naenda. Asije mtu akasema Ambakisye amefundisha watu watupe vidonge wale mchicha. Lakini wajukuu sasa wakisikia mlango wanakuja, hawakimbii. Kwa hilo Bwana apewe sifa!

Ila kila nafuu niliyopata ilinichoma. Nikivuta pumzi vizuri nasema, hii ilikuwa ya Gwakisa. Nikilala vizuri nasema, huu ulikuwa usingizi wake. Yeye ndiye aliyeanza. Nilimtoa njiani kwa mikono yangu, kisha nikaipita njia ile ile. Nimepona mimi niliyecheka.

Mwaka huu tulikuwa tena msibani, kwa jirani wa bondeni. Nikaitwa kushika kisu. Watu wote wamekaa na majani yao. Nikakiweka kisu chini, juu ya ngozi ya ng'ombe. Nikasema mbele yao wote: "Siku ya msiba wa shangazi nilimtukana Gwakisa. Hakukataa nyama kwa ubaya. Daktari alimkataza, na mimi nilijua. Aliniambia mwenyewe jikoni kwangu. Maneno niliyosema yalikuwa uongo, na mimi ndiye mwenye kosa." Nikachukua jani, nikaenda kwa wanawake nikaomba maharage. Kijana mmoja akanong'ona, "Na huyu naye anaogopa nini?" Nilimsikia. Nilitaka kumvaa, kisha nikakumbuka nani alimfundisha utani huo. Nikakaa nikala.

Yule mzee aliyeacha kutafuna siku ya shangazi alikuja kukaa karibu yangu. Akasema, "Umefanya vema, lakini umechelewa." Ni kweli. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshakuja, anakaa nyumbani kwangu.

Siku hizi kila siku navuka migomba na sahani. Majani ya maboga, maharage laini, parachichi iliyopondwa. Ninamlisha Gwakisa kwa kijiko. Wakati mwingine chakula kinaanguka upande ule usiosikia, namfuta kwa kitambaa. Nimemwomba msamaha, si mara moja. Hunitazama, sauti inatoka, sio neno. Juzi kwa mkono wake wa kushoto alichukua kijiko kwangu, akachota maharage, akakisogeza kwenye kinywa changu. Nikala. Mama Lugano anasema huo ndio msamaha wenyewe, ninataka nini tena. Labda. Mimi sijui. Nimemwachia Mungu.

Gwakisa yuko hapa leo, pale kwenye kiti karibu na dirisha, na blanketi la bluu. Mwoneni, kanisa. Huyo ndiye aliyekuwa na imani ya kuanza. Mimi nilifuata nyuma kwa kuchelewa.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru mke wangu, ambaye kwa miaka yote aliniwekea uzima mezani nami nikausukuma. Na wewe uliyekaa hapo, umeambiwa jambo na daktari na unaogopa watu watasema nini, mwamini Bwana, anza leo. Na kama kuna mtu anakuja kwako kusema "tuanze wote", nakusihi, usicheke. Simama uende naye. Hutajua ana siku ngapi.

Baada ya ibada kuna chakula nje, pale chini ya turubai. Kuna nyama, na kuna maharage. Atakayechukua maharage, mpisheni akae, wala asiulizwe kitu. Mimi msibani nilimuuliza ndugu yangu swali moja tu, na mpaka leo hawezi kunijibu.