Bi Mwantum Ukasha na Kadi ya Gemu

Kwa taadhima kubwa, watumishi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia tarehe mosi Julai birika la umeme la ofisi ya Kibiti litaruhusiwa kuchemsha chai saa yoyote. Sababu yake inatuuma: tarehe 30 Juni anastaafu Bi Mwantum Ukasha, aliyetuchorea ramani za mafuriko ya delta kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza na karatasi na rula, mguu mmoja ukiwa ndani ya mtumbwi. Kompyuta ilipokuja akaifundisha Rufiji: mto ukijaa huku juu, kule kijiji cha Mbuchi maji yatafika wapi. Kompyuta yenyewe ilijibu taratibu, kama bwana harusi aliyeulizwa habari za mahari.

Ndipo ukazuka mzozo wa kadi ya grafiki, ya kuiongezea kompyuta mbio za hesabu. Mimi, ambaye hadi leo humwita fundi nikitaka kuongeza mwanga wa skrini, nilisimama kidete upande wa kadi ya kitaalamu: memori kubwa, delta nzima inaingia, na makosa yake inajisahihisha. Ila ingeagizwa nje na kufika masika yakiwa yamekwisha. Kadi ya gemu ilikuwepo Dar, ina mbio, lakini memori yake haba. Mhasibu wetu, Mzee Saadi, aliliona boksi lina picha ya joka akagoma kusaini, akisema ofisi hii haifugi majoka. Bi Mwantum akamjibu kwa upole wake ule unaochoma kwamba mpunga wa Mbuchi unaanza kuiva, na mto hausubiri zabuni. Akaichukua ya gemu, akaikata delta vipande, akaanza na Mbuchi. Kadi ikafyonza umeme hadi birika likapigwa marufuku kila yeye anapopiga hesabu zake.

Mwaka ule watu wa Mbuchi walivuna mapema na kupandisha mpunga kwenye madungu, vile vibanda vyao vya miguu mirefu, kabla ya maji. Tangu hapo kila mgeni tunamwonyesha ile kadi kama shujaa wa vita.

Sasa tuseme lililotokea kweli. Kadi ilipata joto ikazimika, kipande cha Mbuchi kikiwa nusu. Bi Mwantum aliitazama nusu ile, akapanda boti. Akapita nyumba kwa nyumba akisema wazi kwamba hana uhakika, ila mpunga ungekuwa wake, angevuna leo. Wakachukua visu, kwa kuwa aliyesema ni yeye.

Asante, dada yetu. Mungu akupe afya, na masika ya kulala bila kuuwaza mto.