Kabichi Niliyoinyakua Mezani

Mwaka wa tisini na moja, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, jina langu lilisomwa getini. Kiwanda nilichofanyia kazi miaka kumi na minane kilikuwa cha serikali, kikawa kinatafutiwa mwenye fedha, na mwenye fedha hakututaka sote. Meneja alisimama juu ya kreti la soda akasoma majina. Mimi nilikuwa mpakiaji wa mizigo, shule niliishia darasa la tatu. Mtu kama huyo akisomwa getini haulizi maswali. Anachukua bakuli lake la chakula anapanda kwao mlimani.

Ndugu zangu, mwinjilisti ameniomba nisimame kwa sababu leo tunafungua kabati la vitabu la mtaa wetu, na vitabu vya kwanza vimetoka kwangu. Kasema niseme habari za vitabu. Nitaanza na kabichi. Vitabu vitakuja, msiwe na haraka, pilau yenyewe bado haijaiva.

Mnada wetu mnaujua. Asiye na hela analeta alichonacho, mayai, ndizi, maziwa, kinawekwa mezani mbele ya madhabahu, na baada ya ibada kinanadiwa pale nje. Ni sadaka kama sadaka nyingine. Ikishawekwa pale si yako tena. Hata mtoto wa shule ya Jumapili analijua hilo.

Jumapili ya tatu baada ya kufukuzwa kazi nilileta kabichi. Ilikuwa ndogo, sikatai, jua lilikuwa limeipiga. Mnadishaji wetu wa siku zile alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno, wengine walikuwa wanabaki kwenye mnada kumsikiliza yeye tu. Aliinua jogoo akamtania mwenye jogoo. Akainua mkungu wa ndizi akamtania mwenye mkungu. Halafu akainua kabichi yangu.

"Hii imetoka kwa mtu wa kiwandani," akasema. "Nayo imefukuzwa kazi, angalieni ilivyokonda."

Watu wakacheka. Wengine mliocheka mmekaa hapa hapa, na siwalaumu, angetaniwa mwingine ningecheka na mimi. Lakini siku ile nilipita katikati ya watu, nikainyakua ile kabichi mkononi mwake, nikaenda nayo nyumbani. Nikamwambia mama wa nyumba yangu aipike. Akasema hapiki kitu cha Mungu. Nikaipika mwenyewe, nikaila mwenyewe. Haikuwa na ladha.

Wazee wa kanisa walikuja kwangu mara mbili. Walitaka nisimame mbele ya usharika niombe msamaha kwa kunyang'anya sadaka. Nikawaambia aanze yeye aliyenidhalilisha. Wakasema yeye alitania, mimi niliiba. Hilo neno la kuiba ndilo lililonifanya nifungue mlango watoke. Nikatengwa. Kwa miaka sita ibada niliisikia kwa kengele tu, nikiwa kwenye migomba yangu.

Sasa vitabu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila aliyesomwa getini akageuka mfanyabiashara, na mimi nikatandika turubai sokoni Kwa Mrombo nikauza viatu vya mitumba. Mama mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka mjini alikuwa na maboksi ya vitabu vya dini yamemjazia stoo, akataka nafasi ya kuweka mabati. Akaniambia nibebe yote. Kumbe nilikuwa nimebeba riziki. Makanisa yalikuwa yanaota kila kona ya mji na watu walitaka kusoma.

Vile vitabu vingi vilikuwa vya mambo mawili. La kwanza, kanisa la mahali, yaani waumini wa sehemu moja wanavyotakiwa kuishi pamoja. La pili, upendo katika maisha ya Mkristo. Nilisoma kurasa za mwanzo za kila kitabu, kidole kwenye mstari, ili nijue nauza nini. Mteja akija namwambia kanisa si jengo, kanisa ni watu, upendo ni kazi ya mikono. Anachukua. Nilivinadi vizuri kuliko wachungaji.

Jirani yangu wa turubai alikuwa Mwislamu, watu wao wametoka Tanga, anauza mikeka. Siku moja kanitazama weee, akasema, "Jirani, unauza upendo na uso umeukunja hivyo? Wateja watadhani huo upendo umeoza."

Nikamwambia auze mikeka yake. Kule nyumbani nako mama wa nyumba yangu aliniambia neno moja, hakurudia. "Siku nikifa wenzangu wa jumuiya watanibeba. Wewe utabebwa na nani? Vitabu?"

Hilo lilinikaa. Nilikuwa nimeshaona mtu aliyetengwa akizikwa. Hakuna kengele, hakuna mchungaji, ndugu wanne wanafukia haraka kama wanaficha kitu. Nilikuwa naogopa kuzikwa hivyo, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko woga. Ndivyo nilivyokuwa, siwezi kujipaka rangi mbele yenu.

Mwaka wa tisini na saba nilianguka kutoka juu ya mti wa mgrivea nikikata matawi. Mguu ukavunjika, nikafungwa plasta mpaka kwenye paja. Mama wa nyumba yangu akashuka Kwa Mrombo kushika turubai, la sivyo tusingekula. Binti yetu alikuwa ameolewa Momela, ana kichanga. Nyumbani nikabaki mimi na ng'ombe mmoja mwenye mimba, na ng'ombe wa bandani asipoletewa majani anakufa amesimama.

Siku ya pili asubuhi nikasikia panga nyuma ya banda. Nikajivuta mpaka kwenye pembe ya nyumba. Ni yule mnadishaji. Ametoa majani kule korongoni, mzigo mkubwa, kaubeba kichwani, sasa anakatakata mgomba. Akanisalimia, akamaliza, akaondoka. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Wanajumuiya wengine walikuja kupalilia mahindi, lakini majani yalikuwa ya kwake.

Nikajua amekuja kunicheka. Nikangoja acheke. Wiki nzima hakucheka, na yule mtu kukaa bila utani lilikuwa jambo gumu. Mwisho nikashindwa.

"Mzee mwenzangu, unataka nini hapa kwangu?"

Hakuacha kukata. "Ng'ombe hajui kama tumegombana," akasema.

Mimi sipendi kufanyiwa kazi bure, nikamwambia achague kitabu chochote kwenye boksi pale barazani kiwe chake. Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua kimoja, akakishika kwa muda. Akanirudishia.

"Nisomee wewe. Mimi sikusoma."

Ndugu zangu, nilishangaa. Miaka yote ile nilimwona ameshika kitabu cha nyimbo, tena anaongoza. Kumbe nyimbo zote alikuwa ameziweka kichwani. Basi akageuza ndoo akaikalia, panga magotini, na mimi nikafungua katikati, popote, nikaanza kusoma kwa sauti, taratibu. Iliandikwa pale kwamba kanisa lako la mahali ni watu wale wale unaowajua majina na makosa yao, hakuna wengine watakaoletwa. Kile kitabu nilishakiuza mpaka nikachoka. Ukurasa ule sikuwahi kuufikia.

Nikakifunga. Akasema niendelee. Nikasema macho yananiuma.

Akatazama chini. "Yale maneno yangu yalikuwa mabaya," akasema. "Nilitaka watu wacheke, nikasahau una njaa."

Miaka sita niliyangoja maneno hayo, nilishapanga nitakavyoyajibu. Yalipokuja nikaona aibu. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha upendo, yeye ameshika panga lenye utomvu wa mgomba wangu.

"Na mimi niliiba," nikasema.

Plasta ilipotoka nilisimama mbele ya usharika kwa fimbo, nikaomba msamaha, nikarudishwa kundini. Nilileta kabichi. Kubwa kabisa, niliichagua, kiburi kilikuwa hakijaisha chote. Kwenye mnada akaiinua, akanitazama.

"Hii nayo imerudi kazini," akasema. Nilicheka wa kwanza.

Namshukuru mama wa nyumba yangu, ambaye kila Jumapili ya miaka ile alipita mbele yangu na kitenge chake cha kanisani bila kunisukuma. Nawashukuru jumuiya kwa mahindi. Namshukuru jirani wa mikeka, aliyekuja kuniona nikiwa na plasta akasema sasa angalau nina sababu ya kununa. Na yule mnadishaji tulimzika mwaka juzi, kwa kengele. Nilimbeba upande wa kichwa, na mguu huu huu.

Funzo langu ni fupi. Vitabu hivi ni vizuri, vichukueni, visomeni mpaka mwisho. Mimi niliishia kurasa za mwanzo, ikanigharimu miaka sita. Na ukimaliza kusoma, nenda kamkatie jirani yako majani.

Leo nina nyumba ya tofali, vyumba vitano. Nina duka la vitabu na madaftari Kwa Mrombo, mlango wa chuma. Eka moja na nusu, kahawa na migomba. Ng'ombe wawili, mmoja ni uzao wa yule aliyekatiwa majani. Fimbo. Na panga la mnadishaji, ambalo mkewe aliniletea baada ya mazishi. Bado linakata.