Kinu cha Mwalimu Asma

Assalamu alaykum. Shehe, wazee wangu, na nyinyi kinamama mlioko ndani, mimi Ishak Talib, kaka wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome, na wallahi mpaka sasa siamini kuwa jina lililoandikwa juu yake ni la Asma.

Marehemu Asma Talib Mmanga alizaliwa hapa Ole tarehe 14 Machi 1979, akasoma skuli ya hapa hapa, akaenda Unguja kwa masomo ya ualimu, akarudi Januari 2003 kusomesha Kiingereza, akaolewa na Fahmi Jaribu tarehe 9 Julai 2005, wakajaaliwa watoto wawili, Ruweida na Usama.

Kazi yake mnaijua kwa masikio. Wanafunzi walipokwama kwenye vivumishi vya Kiingereza vilivyoungwa kwa maneno mawili, kama "kind-hearted", wasijue wavikate wapi wala mkazo wautie wapi, alibeba kinu mpaka darasani akawatwangia neno, silabi nyepesi pigo dogo, yenye mkazo pigo zito, na nyumbani kila alasiri alitwanga vivyo hivyo akitayarisha somo, sisi tukimtania Fahmi kuwa kaoa mke wa kutwanga kinu kitupu.

Ugonjwa hakuwa nao. Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, Fahmi na watoto wakiwa Wete, presha ilimpanda, akapata kiharusi, ulimi ukawa mzito, mkono mmoja ukafa, na kwa mkono uliobaki akatwanga kinu kuita watu. Mtaa mzima tulisikia. Mapigo yalikuwa ovyo, mara pigo zito, mara pigo halisikiki, tukasema leo mwalimu kapata neno gumu, kila mtu akaendelea na lake. Fahmi alirudi akamkuta chini, mchi ungali mkononi, na kabla ya magharibi akafariki hospitali.

Familia inawashukuru madaktari, walimu wenzake na majirani, na nikisema majirani nasema wote, maana Bi Mwanakhamis, ambaye ukuta wake na wa Asma ni mmoja, tangu siku ile anakaa nje juani, hali, haingii matangani, anasema yeye ndiye aliyesikia zaidi. Bi Mwanakhamis, Fahmi kanituma niseme mbele za watu kuwa kila mmoja wetu alisikia alichokizoea, hatukudai kitu, ingia ndani ukae na Ruweida.

Asma, mdogo wangu, pumzika kwa amani ya Mola wako. Tumekusikia, ila tumechelewa.